Bili ya Kila Mwezi: Dola, Sayansi na Mji wa Goma

Mhadhara wa hadhara kwa wanafunzi, walimu na wakazi wa Goma, Kivu ya Kaskazini



Mada niliyopewa ni pana. Sera ya serikali inawezaje kuiinua nchi katika sayansi na uhandisi? Swali hili likiulizwa, wengi wetu hutaja majengo. Tupewe chuo kipya, tupewe maabara, tupewe wizara yenye jina refu. Siyapuuzi majengo. Lakini nchi yetu ina majengo mengi ya sayansi ambayo leo yanakaliwa na popo, kwa hiyo lazima kuna kitu kingine kinachokosekana.

Jioni ya leo nitatetea hoja moja. Nchi hupanda katika sayansi pale dola inapokubali kufanya kazi tatu zisizo na shangwe. Ya kwanza ni kuchagua tatizo na kukaa nalo kizazi kizima. Ya pili ni kulipa bili za kila mwezi: mshahara wa fundi, intaneti, betri, mafuta ya jenereta. Ya tatu ni kubeba hasara ya mwanzo, ile ambayo hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeibeba. Dola ikizifanya hizo tatu, hata chumba chenye meza mbili huzaa wanasayansi. Isipozifanya, jumba la ghorofa tano hugeuka bohari la viti vibovu.

Ushahidi wangu nitautoa karibu: mlima ulio juu yetu, ziwa lililo chini yetu, na jirani zetu wa Bonde la Ufa.

1. Tulianza mapema

Kuna wanaodhani Kongo haijawahi kujaribu. Tulijaribu, tena mapema kuliko wengi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, chini ya taasisi ya INEAC, kilianza mwaka 1933. Mwaka 1947 ikaundwa taasisi ya utafiti ya IRSAC, na kituo chake kikubwa kikajengwa Lwiro, huko Kivu ya Kusini. Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Chuo Kikuu cha Lovanium kule Léopoldville kiliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, cha kwanza barani Afrika. Kilikuwa kidogo, kilowati 50 tu, lakini kilikuwepo. Mwaka 1972 kikafuatwa na TRICO II chenye megawati 1, na kwa miaka mingi kituo hicho kiliongozwa na Mkongo mwenzetu, Profesa Félix Malu wa Kalenga.

Sasa tazameni Korea Kusini. Mwaka ule wa 1959 ilikuwa nchi iliyotoka vitani miaka sita tu nyuma, miji yake ikiwa bado inajengwa upya. Kinu chake cha kwanza cha utafiti, cha ukoo uleule wa TRIGA kama cha kwetu, kiliwashwa 1962, miaka mitatu baada yetu. Leo Korea inajenga vinu vikubwa vya umeme na kuwauzia wengine. Desemba 2009 ilishinda mkataba wa kujenga vinu vinne huko Barakah, Abu Dhabi, na cha kwanza kikaingizwa kwenye gridi mwaka 2020. TRICO II yetu ilizimwa 2004.

Mashine zilikuwa ndugu. Kilichotofautiana ni kilichofuata baada ya kuwashwa. Korea iliunda taasisi ya nishati ya atomiki 1959. Mwaka 1966 ikaanzisha KIST, taasisi ya utafiti wa viwanda, na kuwaita nyumbani Wakorea waliokuwa wakifanya kazi Marekani na Ulaya, ikawapa mishahara na nyumba zilizowafanya wasijute kurudi. Mwaka 1971 ikafungua shule ya juu ya sayansi ambayo leo tunaijua kama KAIST. Mwaka 1978 kinu chake cha kwanza cha umeme, Kori-1, kikaanza kazi. Mwaka 1987, ilipoagiza vinu vingine kutoka Marekani, iliweka sharti ndani ya mkataba: anayetuuzia atufundishe kuvisanifu. Tawala zilibadilika, baadhi zikiwa za kidikteta ambazo sizisifii, lakini kazi haikubadilishwa.

Kwetu, mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Miaka kumi ya kubadilisha vibao vya mlangoni. Kisha likaja janga la mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumuko wa bei ukaula mshahara wa profesa hadi ukashindwa kununua mfuko wa unga. Wazazi wa Kivu mnakumbuka: ndipo mlipoanza kumlipa mwalimu kutoka mifukoni mwenu. Dola ilibaki na mhuri, ninyi mkabaki na bili.

2. Mlima na betri

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na kreta yake iko umbali usiofika kilomita 20 kutoka hapa tulipoketi. Katika kumbukumbu zetu umetushukia mara tatu: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine zaidi ya laki moja bila makazi. Mwaka 2021 ilikwama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba.

Anayetulindia mlima huu ni Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, kilichoanzishwa 1986. Kazi yake inaeleweka vizuri zaidi mkiiona kwa jicho la fundi.

Chukueni kituo kimoja cha kupimia kwenye mteremko. Kuna shimo lililosakafiwa kwa saruji, na ndani yake seismometa, mashine inayohisi mtikisiko ambao mguu wa binadamu hauwezi kuuhisi. Juu yake kuna paneli ya jua, betri, redio na antena. Seismometa huandika mtetemeko usiku na mchana, redio hurusha maandishi hayo hadi Goma, kompyuta huyapokea, na mchambuzi huketi kuyasoma: mitetemeko mingapi leo, kina gani, inaelekea wapi, imeongezeka kuliko jana? Wenzake hupima gesi, joto la nyufa, na kama ardhi imevimba kwa milimita chache. Kazi hii haina siku ya ushindi. Ni kusoma mistari ileile kila siku ili uijue siku ambayo mistari itabadilika.

Hesabuni vitu vinavyohitajika hapo. Seismometa hununuliwa mara moja, na wahisani hupenda kuinunua kwa sababu ina nafasi ya kubandikia bendera. Betri huchoka. Paneli huibwa. Mlinzi wa kituo anataka posho. Gari la kupanda kule linataka mafuta, na njia inataka usalama. Intaneti inataka kulipwa tarehe ileile kila mwezi. Ikikatika, mashine bado inahisi, ila hakuna anayeisikia.

Ndivyo ilivyotokea. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya gharama za OVG ililipwa na mradi wa Benki ya Dunia. Mwaka 2020 mradi ukaisha na haukuongezwa. Kwa karibu miezi saba, hadi Aprili 2021, kituo kilikosa intaneti ya kupokea data za vituo vyake vya mbali. Ilirudi kwa msaada wa Wamarekani. Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi jioni, mlima ukapasuka.

Hapa niwe mwangalifu, kwa sababu mtaani imeenea hadithi kwamba watu walikufa kwa ajili ya bili ya intaneti. Sayansi haisemi hivyo. Mwaka 2022 timu ya watafiti, Wakongo wakiwemo, ilichapisha uchambuzi katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba ubavu wa mlima ulipasuka karibu bila dalili. Ishara za wazi zilianza dakika zisizozidi 40 hivi kabla ya lava kutoka. Hata intaneti ingelipwa mwaka mzima, pengine tusingepewa siku mbili za kuhama.

Basi bili ilikuwa na maana gani? Maana kubwa. Dakika 40 si siku mbili, lakini kwa mama aliye Kibati na watoto wanne, dakika 40 ni maisha. Kuzitumia kunataka mtu aliye macho zamu ya usiku, mtandao ulio hai, na king'ora kinachojulikana. Pia, uchambuzi ule uliwezekana kwa sababu mitambo ya kupimia iliyowekwa kwa ushirikiano na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg ilikuwa imeendelea kurekodi. Bila kumbukumbu hizo hata leo tungekuwa tunabishana mlima ulifanya nini.

Sasa fanyeni hesabu moja ndogo. Kutoka 1977 hadi 2002 ni miaka 25. Kutoka 2002 hadi 2021 ni miaka 19. Mradi wa mhisani huishi miaka mitatu, mitano ukiwa na bahati. Yaani kati ya mlipuko mmoja na mwingine, mradi huzaliwa na kufa mara nne hadi nane, na kila ukifa, vijana waliofundishwa hutawanyika kutafuta kazi kwenye mashirika. Hakuna kiumbe kinachoishi kwa kipimo cha mlima isipokuwa dola. Wahenga wamesema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tumemtegemea ndugu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa kanuni zake, haruhusiwi kudumu nalo.

3. Mvuke wa Olkaria

Mtaniuliza: nani hapa Afrika ameweza? Twendeni Kenya, karibu na Naivasha, mahali panapoitwa Olkaria. Ni Bonde la Ufa lilelile lililotuzalia Nyiragongo, ila tawi la mashariki. Huko moto wa chini ya ardhi umegeuzwa umeme.

Kabla ya kuwasifu Wakenya, niwakumbushe tena jambo la kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kiabukwa, Katanga, kampuni ya madini ilitumia maji ya moto wa ardhini, nyuzi 91 hivi, kuzalisha umeme wa kilowati 200 na ushee. Ulikuwa umeme wa kwanza wa jotoardhi barani Afrika. Ulidumu miaka michache, mgodi ukapoteza haja nao, ukazimwa. Ulikuwa mali ya mgodi, haukuwa sera ya nchi.

Kenya ilianza vibaya kuliko sisi. Visima viwili vya kwanza Olkaria vilichimbwa katika miaka ya 1950 na havikutoa mvuke wa maana. Mfanyabiashara angeondoka. Serikali ilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ikachimba tena. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi, wa pili 1982, wa tatu 1985. Megawati 45 kwa miaka kumi na mitano ya jasho: mwanasiasa mwenye haraka angesema mradi umeshindwa.

Nataka mwone kwa nini ni lazima dola ibebe hasara ya mwanzo. Kisima cha jotoardhi huchimbwa hadi kina cha kilomita mbili, wakati mwingine tatu. Mtambo wa kuchimba huzunguka usiku na mchana kwa wiki nyingi, ukishusha mabomba ya chuma na kuyafunga kwa saruji, na gharama hufikia mamilioni ya dola kwa kisima kimoja. Siku ya kufungua vali, ama mvuke hutoka ukinguruma kiasi kwamba watu huziba masikio, ama hutoka maji ya vuguvugu na fedha zote zimeingia ardhini. Benki haikopeshi mtu anayekwenda kucheza bahati nasibu ya namna hiyo. Ndiyo maana mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma, GDC, ambayo kazi yake ni kutafuta na kuchimba kwa hasara ya dola, kisha kuwauzia mvuke wazalishaji wa umeme. Waliopewa mvuke uliokwisha kupatikana walijenga mitambo bila woga.

Na watu? Tangu 1979 Umoja wa Mataifa na Iceland waliendesha mafunzo ya jotoardhi huko Reykjavik. Kenya ilipeleka vijana wake mwaka baada ya mwaka, ikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka wengi kuliko zote, na waliporudi waliikuta kazi ikiwasubiri: visima, maabara, mshahara. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, sasa kina taasisi yake ya kufundisha fani hiyo. Leo Kenya ina megawati zaidi ya 900 za jotoardhi, zinazotoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake, na wachimbaji wa kampuni ya umeme ya KenGen wameajiriwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Nchi iliyokuwa ikiazima wataalamu sasa inawakodisha.

Sifa hii ina doa lake. Familia za Wamasai zilizohamishwa ili kupisha mitambo zililalamika mwaka 2014 mbele ya Benki ya Dunia kwamba makazi mapya hayakuwa sawa na waliyoyaacha. Dola inayofikiri kwa miaka thelathini inapaswa kumfikiria pia mchungaji anayeamka leo asubuhi na kukuta bomba kwenye malisho yake.

4. Ziwa moja, kingo mbili

Turudi nyumbani. Chini ya Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na karibu 60 za methani, zimeyeyuka katika maji ya kina na kukandamizwa na uzito wa maji ya juu. Gesi hii ni hatari na ni mali kwa wakati mmoja. Hatari yake tuliiona Ziwa Nyos, Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gesi ilipofumka usiku na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa letu ni kubwa kuliko lile mara elfu nyingi, na kandokando yake wanaishi watu kwa mamilioni.

Namna ya kuitoa mali hiyo ni nzuri kuitazama. Bomba hushushwa mita zaidi ya 300. Maji yakianza kupanda, ukandamizaji hupungua, gesi hutoka kwa mapovu, na mapovu yenyewe huyavuta maji yapande zaidi. Baada ya kuanzishwa, kisima hujivuta chenyewe. Juu, gesi hutenganishwa na maji, huoshwa ili kaboni dioksidi ipungue, kisha methani hupelekwa ufukweni kuendesha injini. Maji yaliyobaki lazima yarudishwe kwenye kina sahihi. Ukiyamwaga juu ovyo, utavuruga matabaka yanayoifungia gesi chini, na hapo unacheza na roho za watu wa kingo zote mbili.

Zaire na Rwanda zilitia saini makubaliano ya kuitumia gesi hii kwa pamoja mwaka 1975. Tuone kila upande ulifanya nini. Huko Gisenyi, upande wa Rwanda, mtambo mdogo wa Cap Rubona ulikuwa ukipeleka gesi kwenye kiwanda cha bia tangu 1963. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilijenga mtambo wa majaribio, KP1, uliotoa umeme kidogo kuliko ulivyopangiwa. Kibiashara ulikuwa hasara. Kisayansi ulikuwa ada ya shule: ulionyesha kwamba mbinu inafanya kazi, na serikali ndiyo iliyolipa ada hiyo. Sambamba ikaanzishwa kazi ya kulipima ziwa mfululizo. Kisha ukaja mkataba na kampuni binafsi, serikali ikiahidi kuununua umeme kwa miaka 25, na mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ukazinduliwa 2016 huko Karongi. Baadaye Shema Power ikajenga mwingine wa megawati 56 Rubavu.

Upande wetu, Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Umeme wa methani haujawaka bado. Taa zinazowaka usiku huu katika sehemu nyingi za Goma zinatoka mto Ruzizi kupitia shirika la umeme la SNEL, na Matebe, kwenye mto Rutshuru, mtambo uliozinduliwa 2015 na Hifadhi ya Virunga kwa fedha za wahisani. Nawashukuru waliofanya hivyo. Lakini mtambo wa wakfu hauifundishi dola kununua sayansi.

Najua kumsifu jirani huyu mbele ya watu wa Goma, kwa miaka hii tuliyoipitia, ni kugusa kidonda. Simsifu kwa siasa zake. Nasema ziwa ni lilelile, gesi ni ileile, na methani haichagui ukingo. Tofauti ni kwamba upande mmoja serikali ilikubali kupata hasara mwaka 2008 na kuahidi kuwa mnunuzi, na upande mwingine tulikuwa tukisubiri mwekezaji aje kufanya yote mawili kwa niaba yetu.

5. Wakongo wameweza

Nisije nikawavunja moyo. Kuna mahali ambapo sayansi ya Kongo imesimama kwa miguu yake, na sababu zake zinathibitisha hoja yangu.

Mwaka 1976 daktari kijana, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku kuchunguza ugonjwa usiojulikana. Ulikuwa Ebola. Hakuuacha tena. Kikwit ilipopatwa 1995, alikuwepo. Mwaka 1998 alianza kuiongoza INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kutoka kwa mgonjwa aliyepona Kikwit watafiti walipata kingamwili iliyokuja kuwa dawa, ikitengenezwa kwa ushirikiano na Wamarekani. Kisha Agosti 2018 Ebola ilitangazwa hapa Kivu ya Kaskazini, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020. Katikati ya mashambulizi ya silaha, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wauguzi na madaktari wetu waliendesha jaribio la dawa nne kwa viwango vinavyokubalika popote duniani. Mbili zikaonekana zinaokoa, na moja ni ile iliyotoka Kikwit. Desemba 2020 ikaidhinishwa Marekani kwa jina la Ebanga.

Kwa nini ugonjwa na si mlima? Kwa sababu kulikuwa na tatizo moja lililochaguliwa, taasisi moja isiyobadilishwa jina kila waziri mpya, na mtu mmoja aliyeachwa kazini zaidi ya miaka arobaini. Fedha nyingi bado zilitoka nje, hilo halifichiki. Lakini wahisani walimkuta mwenye nyumba. Mhisani akikuta mwenye nyumba husaidia; asipomkuta, hujigeuza mwenye nyumba.

6. Pingamizi

Wa kwanza atasema: nchi ni maskini. Jibu langu ni kwamba bili ninayoizungumzia ni ndogo mno ukiilinganisha na msafara mmoja wa magari ya wakubwa. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na mwaka 2007 waliirudia ahadi hiyo Addis Ababa. Ni nchi chache mno zilizowahi kuikaribia. Mimi siombi hata hiyo asilimia. Naomba kwanza intaneti ya OVG.

Wa pili atasema: kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025 mji huu uliingia mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Sikusimama hapa kusema nani atawale. Nasema kwamba mashine ya kupima tetemeko haina chama, na yeyote anayekusanya ushuru Goma amejitwika deni la kuilinda Goma. Anayechukua kodi sokoni Virunga na Birere achukue pia bili ya betri. Na jaribio la Beni limeonyesha kwamba vita hupandisha gharama ya sayansi bila kuifanya isiwezekane.

Wa tatu, na huyu namheshimu zaidi, atasema: fedha zikipita kwa serikali zitaliwa. Ni kweli, zimekwisha kuliwa nyingi. Dawa yake ni kuzifanya zionekane. Mradi wa mhisani hukaguliwa Washington, ambako mkazi wa Majengo hana sauti. Kifungu cha bajeti kikibandikwa ukutani, kikisema mwezi huu OVG imelipiwa intaneti kiasi fulani na betri kiasi fulani, kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma anaweza kwenda kuuliza betri iko wapi.

7. Ninachopendekeza

Nina mapendekezo manne.

La kwanza: gharama za kila mwezi za OVG ziwe kifungu kisichoguswa. Chanzo cha fedha kipo. Kanuni ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa miji na sekta, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Kizazi kijacho cha Goma kitahitaji nini zaidi ya mji wa kuishi? Sehemu ndogo ya mrabaha wa koltani ya Rubaya ingetosha kuuweka mlima chini ya macho ya watu mwaka mzima.

La pili: hakuna mkataba wa gesi ya Kivu utiwe saini bila masharti ya namna ya Korea ya 1987. Kampuni ifundishe wahandisi Wakongo kusanifu, na si kuwafundisha kufungua vali tu. Data zote za ziwa zihifadhiwe Goma. Na kila kilowati-saa iliyouzwa ilipie upimaji wa ziwa.

La tatu: tuchague fani mbili, volkano na ziwa, na kila mwaka, kwa miaka thelathini, tupeleke vijana wachache kusoma. Kabla hawajaondoka wapewe namba ya matrikule ya mtumishi wa umma, ili anayerudi na shahada asianze kupanga foleni akidai ajira na mshahara ambao haujaingizwa kwenye orodha ya malipo.

La nne: vipimo vya ziwa vibadilishwe kati ya kingo mbili kila wiki, hata pale mabalozi wanapokuwa wameitwa nyumbani. Tabaka la gesi likivurugika Karongi, watakaolala nalo ni pamoja na watu wa Idjwi.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalozinduliwa kwa ngoma. Ndiyo sababu hayatafanyika yenyewe, lazima yadaiwe. Wanafunzi wa uhandisi mliopo hapa, wengi wenu mna miaka ishirini na kitu. Sera ya miaka thelathini ikianza mwaka huu, ninyi ndio mtakaokuwa mnaiongoza itakapokomaa. Isipoanza, mtakuwa mmezeeka mkiandika maombi ya mradi mpya kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo hili si jambo la kuwaachia wazee. Andikeni bei ya kila betri, kila mwezi wa intaneti, kila posho ya mlinzi, mzijumlishe, mzipeleke kwa anayeshika mkoba wa mji na wa jimbo, na mrudi mwezi unaofuata kuuliza.

Sasa nipeni maswali, na msinionee huruma.